Ikulu ya Magogoni: Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia yake

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wamepita nje ya ukuta wa Ikulu mara zisizohesabika bila kujua kilichomo ndani kilianzaje. Haya ni maswali yanayorudi kila historia ya nyumba hii inapozungumzwa. Mengine yana jibu la mstari mmoja. Mengine yanataka mtu akae kitako.

Ikulu ya Magogoni iko wapi hasa?

Iko kwenye ncha ya nchi kavu, pale mlango wa bandari ya Dar es Salaam unapokutana na bahari kuu, upande wa mjini. Ukifika Kivukoni kwenye soko la samaki la Feri, miti mikubwa unayoiona jirani ni ya Ikulu. Anwani yake ni namba 1, Barabara ya Barack Obama. Barabara hiyo iliitwa Ocean Road mpaka mwaka 2013, Rais wa Marekani alipozuru Tanzania. Lakini sijawahi kumsikia mtu akiitaja Ikulu kwa jina la Obama. Watu husema Magogoni, na waandishi wa habari nao husema hivyohivyo: fulani anaitaka Magogoni, fulani ameitwa Magogoni. Mtaa ndio ulioipa nyumba jina, na siku hizi ukilitaja jina la mtaa huo watu huelewa unazungumzia urais.

Neno "Ikulu" limetoka wapi?

Limetoka bara, kwa Wanyamwezi na jirani zao Wasukuma. Huko ikulu ni makao ya mtemi: nyumba zake, za wake zake na wasaidizi wake, uwanja wa mashauri, ghala, na boma linalozunguka vyote hivyo. Mirambo alikuwa na ikulu yake Urambo. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa na yake karibu na Tabora, na mwaka 1893 Wajerumani walipoizingira aliona heri ajilipue kwa baruti kuliko kukamatwa.

Tarehe hiyo ina jambo lake. Wajerumani waliokuwa wakizivunja ikulu za watemi kule bara ndio haohao waliokuwa wakimjengea gavana wao makao pale pwani. Miaka sabini baadaye makao hayo ya gavana yalikuja kuitwa kwa jina la makao ya mtemi. Waingereza walikuwa wakiyaita Government House, na kwa Kiingereza cha leo ni State House. Majina hayo mawili yanaweza kuwa ya nyumba yoyote katika makoloni yote ya Uingereza. Ikulu ni jina la hapa.

Je, ni kweli Ikulu ilikuwa jumba la Sultani Majid?

Hapana. Kosa hili ni la kawaida, na linaeleweka, kwa sababu Sultani Majid bin Said wa Zanzibar ndiye aliyeanzisha mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, na ni kweli alijenga jumba mbele ya bandari. Alifariki mwaka 1870. Ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuupenda sana mji huo, na majengo mengi yakaachwa yaoze. Jumba la Majid halipo tena. Kilichobaki cha zama zake ni Boma la Kale, lile jengo la mawe lililoko Barabara ya Sokoine, karibu na wanakopandia boti za Zanzibar. Lilikuwa nyumba ya wageni wa Sultani. Kutoka hapo mpaka Ikulu ni mwendo wa kutembea kwa miguu ukifuata ufukwe wa bandari, lakini ni majengo mawili yasiyohusiana.

Basi nani aliijenga, Wajerumani au Waingereza?

Wote wawili, na hapo ndipo wengi wanapobishana bure. Wajerumani walihamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam mwaka 1891, na katika miaka ya 1890 wakajenga nyumba ya gavana hapo Magogoni. Nyumba hiyo iliharibiwa vibaya kwa mizinga mwaka 1914. Waingereza walijenga upya juu ya misingi ileile, na mwaka 1922 jengo likawa tayari. Kwa hiyo anayesema "ni jengo la Mjerumani" anazungumzia kilicho chini ya ardhi, na anayesema "ni la Mwingereza" anazungumzia kinachoonekana.

Kwa nini Wajerumani walichagua mahali pale?

Kwa sababu ya upepo, kwanza. Ncha ile inapata kaskazi na inapata kusi, na kwa watu walioogopa homa za pwani kuliko walivyoogopa vita, upepo ulikuwa dawa. Pili, anayekaa pale anaona kila chombo kinachoingia na kutoka bandarini. Tatu, walikuwa wakipanga mji kwa rangi za watu. Eneo lote la mashariki, kutoka bandarini kwenda Ocean Road, lilikuwa Uzunguni: nyumba za maofisa zenye bustani, bustani ya mimea iliyoanzishwa miaka ya 1890, na hospitali ya Ocean Road iliyomalizika 1897, ambayo leo ni hospitali ya saratani. Wahindi walikuwa na Uhindini yao katikati, na Waafrika walisukumwa kwenda magharibi, upande ambao baadaye uliitwa Kariakoo. Nyumba ya gavana ilikuwa kichwa cha mpango huo. Mpaka leo ukitoka Kariakoo kwenda Ikulu unaupita mpangilio ule wa Mjerumani, mtaa kwa mtaa, hata kama hakuna kibao kinachosema hivyo.

Nini kilitokea mwaka 1914?

Hapa inafaa kueleza kwa kituo, maana kisa hiki husimuliwa kwa mkato hadi kinapoteza maana.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Dar es Salaam ilikuwa mji wa koloni la Ujerumani ukitazamana na bahari iliyotawaliwa na Waingereza. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Astraea, ilifika na kuupiga mji mizinga, shabaha yake ikiwa mtambo wa simu za upepo. Wajerumani wenyewe walizamisha chelezo chao kinachoelea kwenye mlango wa bandari ili manowari za adui zisiingie. Gavana Heinrich Schnee alihamishia shughuli zake Morogoro. Yakafuata makubaliano ya muda ya kutoushambulia mji, ambayo kila upande uliyaelewa kwa namna yake.

Ndani ya bandari zilikuwamo meli za Kijerumani zilizokwama. Waingereza walihofia kwamba siku moja zingetoka usiku na kupeleka makaa ya mawe kwa manowari za Kijerumani. Tarehe 28 Novemba manowari Goliath na Fox zilifika nje ya bandari, na vyombo vidogo vikaingia ndani kuzikagua meli hizo na kuziharibu mitambo. Walipokuwa wakitoka, risasi zikawamiminikia kutoka nchi kavu. Ofisa aliyeongoza kikosi hicho, Henry Peel Ritchie, alijeruhiwa mara kadhaa, na baadaye akapewa nishani ya Victoria Cross, ya kwanza kwa jeshi la maji la Uingereza katika vita hivyo. Manowari zikajibu kwa kuupiga mji, na zikarudia tena tarehe 30 Novemba. Jumba la gavana, likiwa jeupe, kubwa, na liko ufukweni kabisa, lilikuwa shabaha rahisi kuliko zote. Likabomoka.

Ile sifa ya kuona kila chombo kinachoingia, basi, ilikuwa na upande wa pili: kila chombo nacho kililiona jumba.

Goliath yenyewe haikumaliza mwaka mwingine. Ilizamishwa na Waturuki huko Dardanelles Mei 1915. Schnee naye alihamahama na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, mpaka mwisho wa vita Novemba 1918, gavana asiye na nyumba wala koloni. Dar es Salaam yenyewe Waingereza waliitwaa Septemba 1916.

Nani alichora jengo la sasa? Mbona linafanana na majengo ya Zanzibar?

Linafanana kwa sababu mchoraji ni yuleyule. John Sinclair alikuwa ofisa wa Kiingereza aliyefanya kazi Zanzibar miaka mingi, na kwa taaluma alikuwa mbunifu wa majengo. Ukifika Unguja, mkono wake utauona kila mahali: Mahakama Kuu pale Vuga, jumba la kumbukumbu la Beit al-Amani la mwaka 1925 lenye kuba lake, na nyumba ya mwakilishi wa Uingereza pale Mnazi Mmoja, ambayo leo ni Ikulu ya Zanzibar. Naam, Ikulu zote mbili, ya Unguja na ya Magogoni, zimetoka kwenye kalamu moja. Zaidi ya hapo, kuanzia mwaka 1922 Sinclair mwenyewe alishika cheo cha Mwakilishi Mkaazi wa Uingereza Zanzibar, akaishi ndani ya nyumba aliyoichora. Si wabunifu wengi wanaolazimika kulala chini ya dari zao wenyewe.

Mtindo wake ulichanganya vitu vya Kiarabu na vya pwani na mahitaji ya ofisa wa Kizungu: kuta nyeupe, matao mfululizo, na baraza pana zinazozunguka nyumba. Baraza hizo si pambo. Jua halifiki kwenye ukuta wa chumba, upepo unapita pande zote, na mvua ya masika haiingii dirishani. Kabla ya viyoyozi, hivyo ndivyo nyumba kubwa ya pwani ilivyopozwa. Wapo wanaosema mtindo huo ulikuwa ukoloni uliovaa kanzu. Sikatai. Lakini ukilinganisha na majengo ya serikali ya saruji tupu yaliyofuata, mimi nampa Sinclair haki yake: nyumba yake inajua iko Dar es Salaam.

Magavana gani wa Kiingereza waliishi hapo?

Wa kwanza alikuwa Sir Horace Byatt, aliyeiongoza Tanganyika tangu wakati wa vita na akawa gavana kamili kuanzia 1920 hadi 1924. Akafuata Sir Donald Cameron, 1925 hadi 1931, aliyeleta utawala wa kupitia machifu na aliyeanzisha Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1926. Baada yake wakapita Symes, MacMichael, Young, Jackson na Battershill, wengi wao kwa miaka mitatu au minne kisha wakahamishwa, kama ilivyokuwa desturi. Sir Edward Twining alikaa muda mrefu kuliko wote, kuanzia 1949 hadi 1958, na Sir Richard Turnbull akawa wa mwisho.

Jambo moja la kukumbuka: Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya dhamana, kwanza chini ya Shirikisho la Mataifa, kisha chini ya Umoja wa Mataifa. Gavana wa Magogoni alikuwa na wakubwa London, na pia alikuwa na watu New York wa kumuuliza maswali. Nyerere aliliona hilo mapema, na mwaka 1955 alikwenda kuzungumza Umoja wa Mataifa.

Nyerere aliingiaje katika nyumba hiyo?

Watu hupenda kuruka hadi 1962, lakini utamu uko katika miaka iliyotangulia. Mwanzoni mwa 1957 serikali ya Twining ilimpiga marufuku Nyerere kuhutubia mikutano ya hadhara. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa serikali katika gazeti la TANU, akatiwa hatiani, akaambiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au akae jela miezi sita. Wanachama wakachanga, faini ikalipwa. Mwaka huohuo Twining aliondoka na Turnbull akaja, mtu ambaye wengi walimtarajia awe mkali kwa sababu alitoka Kenya ya wakati wa Mau Mau. Kumbe akawa mtu wa mazungumzo. Yeye na Nyerere walielewana, na nyumba iliyokuwa ikitoa amri za kumnyamazisha kiongozi wa TANU ikawa mahali anapoingia kama mgeni wa kujadiliana naye.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, Turnbull hakuondoka. Alibaki kama Gavana Mkuu akimwakilisha Malkia, na Nyerere akawa Waziri Mkuu. Kwa hiyo katika mwaka wa kwanza wa uhuru mwenye nyumba Magogoni alikuwa bado Mwingereza! Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962 kwenda kukijenga chama, Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa jamhuri, Nyerere akaapishwa kuwa Rais, na nyumba ikapata mwenyeji wake wa kwanza Mwafrika.

Ni kweli Nyerere hakuwa akilala Ikulu?

Kwa sehemu kubwa ni kweli. Alifanyia kazi Ikulu, akapokelea wageni Ikulu, lakini nyumba aliyoishi na familia yake kwa miaka mingi ya urais ilikuwa Msasani, ufukweni, nyumba ya kawaida ukilinganisha na cheo. Tabia hiyo alikuwa nayo hata kabla. Mandela alipopita Dar es Salaam mwanzoni mwa 1962 akitafuta msaada kwa ajili ya mapambano ya Afrika Kusini, alishangaa kuona nyumba ya Nyerere haina fahari yoyote, na mwenyewe anaendesha gari dogo.

Hilo halina maana kwamba aliidharau Ikulu. Kinyume chake: alikuwa akisema ni mahali patakatifu, na mwaka 1995, taifa likijiandaa kwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, alilirudia hilo kwa ukali, akiwaonya wanaoitafuta Ikulu kwa fedha. Tangu hapo maneno hayo hutolewa kabatini kila uchaguzi, mara nyingi na wale wale yaliyokuwa yakiwalenga.

Wanajeshi walipoasi Januari 1964 waliiteka Ikulu?

Walikwenda kumtafuta Rais, hawakumkuta. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles kutoka kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi wakidai mishahara zaidi na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Waliingia mjini wakashika sehemu muhimu, wakafika Ikulu. Nyerere na Kawawa walikuwa wameshatolewa na kuvushwa kwenda kufichwa Kigamboni. Aliyebaki kuzungumza na waasi ni waziri wake, Oscar Kambona. Tarehe 25 Januari makomando wa Uingereza kutoka manowari Centaur waliingia na maasi yakaisha. Kwa Nyerere ilikuwa aibu kubwa kuomba msaada kwa mkoloni wa jana, na alisema hivyo waziwazi. Jeshi lile likavunjwa, na likajengwa jipya: Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Tazama ramani utaona kwa nini Kigamboni. Kutoka Ikulu hadi ng'ambo ni maji membamba tu ya mlango wa bandari.

Udongo wa Muungano ulichanganyiwa Ikulu?

Hapana, ni Ukumbi wa Karimjee, Aprili 1964. Ile picha ya Nyerere akimimina udongo wa Tanganyika na Zanzibar watu hudhani ni ya Ikulu kwa sababu Karimjee iko jirani. Mkataba wenyewe Nyerere na Karume waliutia saini Zanzibar tarehe 22 Aprili.

Kazi gani hufanyika Ikulu, mbali na Rais kukaa?

Mabalozi wa nchi za nje hukabidhi hati zao za utambulisho, mawaziri na majaji huapishwa, Baraza la Mawaziri hukutana, tume hukabidhi ripoti, na wakati wa Ramadhani Rais huwaalika watu kwenye futari. Mengi ya haya zamani yalibaki kuwa picha moja gazetini. Televisheni imebadilisha mambo. Mei na Juni 2017, Rais Magufuli alipopokea ripoti mbili za mchanga wa madini, yale makinikia, nchi nzima ilikaa mbele ya runinga kuangalia ukumbi wa Ikulu kama inavyoangalia mechi ya Simba na Yanga.

Na tarehe 19 Machi 2021, siku mbili baada ya kutangazwa kifo cha Magufuli, Samia Suluhu Hassan aliapishwa humohumo kuwa Rais wa kwanza mwanamke wa Tanzania. Viapo vya marais kwa kawaida hufanyika uwanjani, mbele ya maelfu. Kile kilifanyika ndani, kwa utulivu wa msiba.

Mnikulu ni nani?

Ndiye anayesimamia nyumba yenyewe: wahudumu, jiko, vyumba vya wageni, samani, bustani, dhifa. Si mlinzi, wala si mpambe wa Rais, yule ofisa wa jeshi anayesimama nyuma yake kwenye hafla. Rais huondoka na mpambe wake. Mnikulu nyumba ndiyo kazi yake.

Na hizi "Ikulu ndogo" za mikoani?

Ni nyumba ambazo Rais hufikia akiwa ziarani. Nyingine ni urithi wa maofisa wa kikoloni. Lushoto, kwa mfano, magavana walikuwa na makao ya kukimbilia joto la Dar es Salaam, na ukiwa Usambara Julai na koti lako utawaelewa.

Tausi wa Ikulu ni hadithi au wapo?

Wapo, na ni maarufu. Mei 2020, kwenye shughuli ya kuweka jiwe la msingi la Ikulu mpya ya Chamwino, Dodoma, Magufuli aliwagawia tausi Mama Maria Nyerere na marais wastaafu wakafuge kwao.

Rais Magufuli alitoka Ikulu kwa miguu kweli?

Ndiyo, tarehe 6 Novemba 2015, siku moja baada ya kuapishwa. Alitoka getini akatembea mpaka Wizara ya Fedha, akakuta viti vingi havina watu. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru ambayo alifuta sherehe zake na kuagiza usafi, alishika ufagio na kuzoa taka eneo la Feri, hapo hapo jirani na nyumba yake. Wasiompenda waliita maonyesho. Lakini wachuuzi wa samaki wa Feri walikuwa wamekaa jirani na Ikulu miongo mingi wakiona misafara tu ikipita kasi, na siku hiyo jirani yao alikuja na ufagio.

Ikulu imehamia Dodoma. Magogoni bado ni Ikulu?

Bado ni Ikulu, ila si makao makuu. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, katikati ya nchi, na ikaundwa mamlaka ya kuustawisha mji huo. Uamuzi ukakaa miongo minne ukitekelezwa nusunusu: Bunge likahamia, mawaziri wakawa na nyumba mbili, na kila wiki barabara ya Morogoro ikajaa magari ya serikali yakienda na kurudi. Mwaka 2016 Magufuli alitangaza kwamba serikali yote inahamia, na mwenyewe akahamia mwaka 2019.

Chamwino, kilomita thelathini hivi kutoka Dodoma mjini, haikuchaguliwa kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Nyerere alikwenda kukaa na wanakijiji pale wakati vijiji vya ujamaa vinaanzishwa, akifyatua nao matofali, na baadaye pakawa na Ikulu ndogo. Jengo jipya lilizinduliwa na Rais Samia tarehe 20 Mei 2023, miaka hamsini baada ya uamuzi wa TANU.

Ukiliangalia utashangaa: linafanana sana na la Magogoni. Weupe uleule, matao yaleyale. Hapa nina la kusema. Sinclair alichora matao na baraza kwa ajili ya unyevu na upepo wa bahari. Dodoma ni kukavu, na bahari iko mbali. Ningependa kuona Ikulu iliyoanza na tembe la Kigogo, nyumba pana yenye paa la udongo ambayo watu wa huko waliijenga kwa akili ya kwao. Lakini naelewa pia kwa nini haikuwa hivyo. Kwa Mtanzania aliyezaliwa baada ya uhuru, matao meupe si ya Sinclair tena. Ni sura ya urais aliyoiona kwenye noti, kalenda na taarifa ya habari tangu utotoni, na Rais akihama, watu walitaka sura hiyo ihame naye.

Raia wa kawaida anaweza kuingia au kupiga picha?

Kuingia ni kwa mwaliko au kwa shughuli maalumu. Hakuna tiketi ya mlangoni kama makumbusho. Kupiga picha jengo, geti au walinzi kumekatazwa, na usijaribu bahati kwa kisingizio cha kupiga selfi na bahari. Ukiwa kwenye gari ukipita Barabara ya Barack Obama, simu iache mfukoni.

Njia bora ya kuielewa nyumba hii bila kumsumbua mlinzi ni pantoni. Panda Kivukoni na wenye baiskeli, bodaboda na ndoo za samaki, simama upande wa bahari, utazame nyuma chombo kikiondoka. Utaona mlango wa bandari ulivyo mwembamba, utaona jinsi ncha ile ilivyojitokeza kuelekea bahari kuu ambako Goliath na Fox zilisimama, na utaona miti. Safari ni ya dakika chache tu, na ng'ambo unakoshukia ndiko alikofichwa Nyerere.